Ubeti wa Pili

Jumapili, 2 Juni

Nimeusikia wimbo kwa bodaboda. Kafunga simu kwenye usukani, spika inakwaruza, na sauti iliyokuwa inatoka humo ni ya mwanangu. Nimeijua kabla hajamaliza neno la kwanza. Ana namna ya kuivuta pumzi mwisho wa mstari, kama marehemu mama alipokuwa akiimba huku anapepeta mchele.

Nimeshuka Rangi Tatu, nimelipa nauli yote, nimetembea. Dagaa mkononi. Sijui hata nimevukaje barabara.

Nimemkuta anaosha vyombo.

"Umerekodi lini?"

"Mwezi wa nne, mama."

"Kwa hela ya nani?"

"Za barafu."

Barafu za ubuyu anazouza kibarazani, shilingi mia mia. Studio kalipa elfu hamsini. Nimepiga hesabu usiku huu: barafu 500. Mia tano! Na mimi nilidhani anaweka akiba ya viatu.

Nimemfokea. Nimemwambia anataka kuwa kama wale. Hakuuliza wale ni akina nani. Kakausha vyombo vyote, kavipanga, kaenda kulala.

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi nimemwomba niusikilize wote. Kanipa hedifoni bila kunitazama.

Ubeti wa kwanza nimeupenda. Niandike ukweli, nimeupenda sana. Foleni ya bombani, dumu la njano lenye mfuniko wa gunzi, mtu anayempisha achote kwanza kisha anajifanya hakufanya kitu. Kuna vina vya kati na vya mwisho! Nafundisha vina miaka kumi na tisa, watoto wananisinzilia, na huyu kumbe alikuwa anasikia.

Ubeti wa pili ni mambo ya chumbani. Nimevua hedifoni.

"Haya umeyajulia wapi?"

Kalia. Hakujibu. Nimetoka kwenda sokoni sina cha kununua.

Jumatano, 5 Juni

Kidato cha nne wako kambi, kwa hiyo na sisi tupo shuleni. Ofisi ya walimu, saa nne, chai na mihogo. Mwalimu mmoja kauweka kwenye simu. "Sikieni huyu mtoto, sikieni anachosema." Mwingine akasema watoto wa siku hizi hawana aibu. Mwingine akasema hawana sauti, ni mashine tu zinawanyoosha. Mwingine: aliyemzaa yuko wapi?

Aliyemzaa alikuwa anamenya muhogo. Sikusema neno.

Ijumaa, 7 Juni

Siwezi kuwalaumu wenzangu. Na mimi nimefanya hivyo hivyo. Mwaka 2011, kwenye intaneti kafe, tulijazana kwenye kompyuta moja kumtazama yule binti wa Kimarekani, Rebecca Black, anaimba habari ya Ijumaa. Dunia nzima ilikuwa inamcheka, tukamcheka na sisi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Alikuwa na miaka 13. Baadaye nikasikia alitishiwa kuuawa, akaacha kwenda shule, akawa anasomea nyumbani. Nilisikia, nikaendelea na shughuli zangu.

Binti yangu ana 15.

Jumamosi, 8 Juni

Kaja mtu. Shati limenyooka, simu mbili, adabu nyingi. Shikamoo mama, shikamoo tena. Kanywa soda ya machungwa taratibu, kausifia ukuta wetu, kisha kasema: "Mama, huyu mtoto nitamtoa."

Nitamtoa. Neno la mjini hili. Fulani katoka na ngoma fulani, fulani katolewa na fulani. Nimelisikia miaka yote bila kulifikiria. Leo limesemwa sebuleni kwangu, mtoto kasimama mlangoni kashika pazia, na mimi likanijia swali moja tu: unamtoa hapa unampeleka wapi?

Kaacha karatasi. Kurasa sita, zimebanwa pini. Jina la mtoto wamelikosea herufi. Miaka kumi. Asilimia sitini yake, arobaini ya mtoto, na hiyo arobaini ihesabiwe baada ya kukatwa gharama. Gharama zipi, haijaandikwa. Rekodi zote ni mali yake, na zile "zitakazobuniwa baadaye". Yaani hata wimbo ambao hajauota bado, ushakuwa wa mtu.

Mtoto akisaini leo, akitoka humo ana 25.

Kanionyesha pa kuweka sahihi. Nimemwambia baba yake yuko Mtwara, tutaongea.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeisoma tena. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, basi. Sahihi yake peke yake haitamfunga. Ndiyo maana yule bwana alinisifia ukuta. Anaitaka yangu.

Lakini sitaki kudanganya daftari hili, siyo kila anayeokota watoto wenye sauti ni mwizi. Temeke hapa hapa Said Fella alikusanya vijana, akaiita kazi yake Mkubwa na Wanawe. Aslay alitokea pale akiwa mdogo hasa, wakimwita Dogo Aslay, na watu wazima walimsema sana, mtoto anaimba nini huyu. Kisha ikaja Yamoto Band, yeye na Beka na Enock Bella na Maromboso. Bendi ikaja kuvunjika, kila mmoja na njia yake. Maromboso ndiye Mbosso, 2018 akaingia lebo ya Wasafi. Nilicheza nyimbo zao kwenye harusi ya mdogo wangu, sikujiuliza hata siku moja walilala wapi, walikula nini, nani alishika karatasi zao.

Na THT, kituo cha vipaji cha marehemu Ruge. Pale walikuwa wanafundishwa, siyo kuokotwa tu. Sauti, jukwaa, chombo. Barnaba katoka pale, Nandy katoka pale. Ningempata mtu wa namna hiyo ningempelekea mtoto kwa mguu, leo hii.

Bibi yake (mama mkwe) kasikia tunaongea, kasema hata Siti binti Saad walimsema. Kweli. Nimekitoa kitabu cha Shaaban Robert kabatini, nimesoma mpaka umeme ukakatika. Mwanamke wa Fumba, muuza vyungu. Walimsema sura, walimsema kwao, akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi. Lakini Siti alikuwa mtu mzima, alikuwa na ulimi wa kujibu. Wangu anajificha nyuma ya pazia.

Jumatatu, 17 Juni. Idd

Pilau sufuria mbili, ndugu wote. Nilijua itakuja, ikaja kabla ya matunda. Kaka mkubwa, mbele ya watoto wake, mbele ya shemeji zangu, kanyoosha kidole:

"Mtoto wa miaka kumi na tano anaimba mapenzi. Anayajua wapi mapenzi?"

Swali langu lile lile la tarehe tatu. Karibu neno kwa neno. Nimelisikia kwenye mdomo wa mtu mwingine, moyo ukanishuka.

Kaka mkubwa sikuwahi kumjibu maishani. Leo nimesema tu, "Kaka, naomba tuyaongee baadaye." Sauti yangu ilitetemeka. Binti kashaondoka. Sahani yake nyama haijaguswa, kaenda na gauni la sikukuu nililomshonea.

Saa tisa usiku

Kaja chumbani kwangu. Kakaa pembeni ya kitanda, gizani, kanieleza.

Ubeti wa pili si wake. Alikwenda na beti mbili kwenye daftari la Jiografia, kurasa za nyuma. Wa pili ulikuwa unaendeleza hadithi ya bombani. Prodyuza kaufuta. Kasema bila chumvi hautoki, redio haziuchezi. Kamwambia akae nje asubiri, kaandika mwingine kwenye simu yake, kamwita: imba hivi. Mtoto kasema baadhi ya maneno hata hakujua maana yake mpaka aliposikia wavulana wanacheka.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umeshakasirika, mama."

Mtu mzima, ana mke, ana watoto. Ndiye kaandika. Na sisi watu wazima, mimi, walimu, Kaka mkubwa, tumemkalia kooni aliyeimba.

Jumanne, 18 Juni

Nimetafuta. Ule wimbo wa 2011 niliocheka uliandikwa na watu wazima wawili, Clarence Jey na Patrice Wilson. Mama wa yule binti alilipa kama dola 4,000 mwanawe apate wimbo na video. Tusi likamwangukia mtoto wa miaka 13 aliyesimama mbele ya kamera akiimba alichopewa.

Justin Bieber naye. Mama yake alikuwa anaweka video zake YouTube ndugu wamwone, Scooter Braun akaziona, safari ikaanza. Alipotoa "Baby", Januari 2010, alikuwa na miaka 15. Waliouandika wametajwa watano, wanne wakubwa, mtoto ni yeye peke yake. Watu wakaipiga video ile vidole vya chini kuliko nyingine zote za wakati ule. Alama zote zile zilikuwa zinahesabiwa usoni pake. Wale wanne sijui hata mtu mmoja mtaani kwetu anayewajua majina.

Nimempigia Kaka mkubwa. Nimemweleza yote, mpaka salio likaisha. Kapiga yeye. Kanyamaza kitambo kirefu, kisha kauliza hiyo studio iko wapi. Nimemwambia kaka, niachie mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Tumekwenda wawili. Chumba kimoja nyuma ya saluni. Ukutani trei za mayai zimegandishwa kwa gundi, mlangoni godoro la futi tatu, kwenye maiki wamevisha soksi. Joto la kupikia! Feni lipo, lakini ukirekodi linazimwa maana linaingia kwenye sauti.

Sikwenda kugombana. Nimemwambia prodyuza: mwanangu, ubeti wa pili uliuandika wewe? Kaitikia. Nimemwambia wanaotukanwa ni sisi. Katazama chini. Kasema ndivyo soko lilivyo, mama. Nimesema basi soko ulipeleke sauti yako, siyo ya huyu. Tumekubaliana elfu ishirini, ubeti urudiwe, ule wa zamani autoe kila alikoupandisha. Nimetoa pesa kwenye pochi ya mchezo wa wiki hii. Nitajua nitakavyoirudisha.

Binti kavua viatu. Sikujua kwamba huvua viatu. Kasimama juu ya kikanyagio, kafumba macho, kidole gumba cha mguu kinapiga mapigo. Mara ya kwanza kakosea, kaomba msamaha, nami kidogo nimwambie asiogope, nikajizuia. Mara ya tatu kaupata.

Kwenye ubeti wake, yule aliyempisha foleni kahama mtaa, na dumu lake limebaki bombani, kila mtu analijua ni la nani na hakuna anayelihamisha.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti la soda. Nimelia kimyakimya, nisiingie kwenye sauti.

Jumapili, 30 Juni

Shule kesho. Nimepiga pasi sare mbili, yake na gauni langu la kazini.

Bodaboda yule yule bado anacheza ule wa zamani, anao kwenye memori kadi, nani atamfuata. Kesho ofisini watauongelea tena, nitawaambia ni wa mwanangu na nitawaambia nani aliandika nini. Jumatano tunakwenda COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, kuuliza namna ya kusajili ubeti wake, kwa jina lake, lisilokosewa herufi.

Jioni yule bwana wa simu mbili kapita. Soda nimempa. Karatasi zake nimemrudishia, kurasa zote sita, hazina sahihi.