Kidonda Hakitaki "Rangi Mbili"

Ndugu mkulima, leo najisema mwenyewe.

Msimu uliopita wa mpunga, nikisafisha mfereji shambani kwangu hapa Kilangali, jembe lilinikata juu ya kisigino. Nikafanya tunachofanya wengi. Nilimtuma kijana dukani akaniletea vidonge vya rangi mbili, nikafungua kimoja, nikamwaga unga juu ya kidonda chenye tope na kufunga kitambaa. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba, buti haliingii.

Zahanati, muuguzi alibandua ule unga uliogandamana, usaha ukatoka.

"Bwana shamba, umefunika uchafu," akasema. "Na wewe ndiye unayetukataza kupiga dawa ileile kwenye nyanya kila wiki!"

Niliona aibu, maana alisema kweli. Rangi mbili ni antibayotiki. Dawa ya aina hii hulenga sehemu maalumu ya kijidudu. Kijidudu kilichobadilika sehemu hiyo hupona, kikazaliana, na kizazi chake hakisikii tena dawa, kama wadudu wa nyanya. Huo ndio usugu. Kesho mtoto akiugua homa ya mapafu, dawa ileile inaweza kushindwa.

Iodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, hushambulia sehemu nyingi za kijidudu kwa pamoja, hivyo ni vigumu sana kuizoea. Lakini tope, damu na usaha huimaliza nguvu. Na dawa yoyote ya kuua vijidudu ukiizimua kupita kipimo, unaviacha vile vikali viendelee kuishi.

Kwa hiyo:

1. Osha kidonda kwanza kwa maji safi mengi, hadi tope liishe.
2. Ndipo upake iodini, kwa kufuata maelezo ya chupa.
3. Funika kwa kitambaa safi, ubadilishe kikilowa au kuchafuka.
4. Kidonda kirefu au kilichoingia tope au samadi, nenda zahanati siku hiyohiyo na uulizie chanjo ya pepopunda.

Mbuzi akijeruhiwa, anza vivyo hivyo: maji kwanza, kisha iodini. Antibayotiki ni mpaka mtaalamu wa mifugo aagize.

Nanyi wenye maduka, rangi mbili si bidhaa ya kukaa pamoja na kiberiti na sigara. Mteja mwenye kidonda muuzieni sabuni, mumwelekeze zahanati.

Kovu ninalo. Tukikutana shambani, nitawaonyesha.