Ritifaa ya ng'ambo



Kampuni ninayoiandikia programu ina maghala mawili, Thika na Ruiru. Jumatatu jioni msimamizi aliandika esemesi kwenye Word, akainakili kwenye programu yangu. Vibarua wa Thika wakapokea hivi: "Kesho Jumanne ripotini saa moja asubuhi lango la ng’ambo ya barabara," basi. Maneno "ghala la Ruiru" yalikatika.

Mchawi ni ile ritifaa. Word huikunja, ikawa alama isiyomo katika herufi za kawaida za esemesi. Ikiingia moja tu, ujumbe wote huandikwa kwa Yunikodi, na nafasi 160 zinabaki 70. Nami, kwa kubana matumizi, nilikuwa nimeruhusu esemesi moja tu kwa kila ujumbe.

Watu saba walisimama ng'ambo ya barabara, palepale Thika. Siku ile hawakulipwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, hiyo barabara yako inaishia wapi?"

Kunyoosha ritifaa kulinichukua mistari miwili. Kilichoniuma nilikikuta baadaye kwenye hifadhidata: watatu walikuwa wamejibu usiku uleule, "barabara gani?" Majibu niliyahifadhi vizuri kabisa, ila hakuna aliyepangiwa kuyasoma. Sasa yanaingia moja kwa moja kwenye simu ya msimamizi, naye analalamika hapati usingizi.