Mteremshie Ufunguo Mtoto wa Watu

Mpwa wangu,

Sisi huku Unguja wazima, alhamdulillah. Mama yako goti linamsumbua lakini sokoni hakosi, na dada yako kapata uhamisho wa Chake Chake.

Nakuandikia kwa sababu ya ile video iliyozagaa kwenye simu za ukoo mzima. Wote wanakusifu kwamba umepata wanafunzi Upanga na Mikocheni, unakwenda nyumba kwa nyumba na kinanda chako mgongoni. Mimi nimeitazama, sikuona cha kusifu. Yule mtoto wa kiume anaimba, sauti inamkatika juu, nawe unampa ishara ya kidole apande tena. Nikauliza umri wake, nikaambiwa kaingia miaka 14. Nikaambiwa pia baba yake anataka aimbe kwenye mahafali ya skuli wimbo ule ule wa mwaka jana, kwa ufunguo ule ule, na wewe umekubali.

Mtoto huyo anabaleghe. Kikoromeo kinakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti ya mvulana hushuka kiasi cha oktava nzima. Kabla haijatulia, leo anayo noti, kesho haipo. Huo si uvivu, wala dawa yake si mazoezi zaidi.

Nilipokuwa kijana, mtaani kwetu alikuwako mtoto ambaye wanawake walikuwa wakinyanyuka kumtunza kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Bwana mmoja aliyekuwa akimfundisha (simtaji, ameshatangulia mbele ya haki, ingawa mimi alinibania nafasi ya fidla miaka mingi nami nikipiga vizuri kuliko yule mwanawe) hakutaka kusikia habari ya kuteremsha ufunguo. Ala ya kanuni imeshapatanishwa, alisema, nyuzi sabini na kitu, nani atakaa kuzigeuza kwa ajili ya mtoto? Na tunzo zilikuwa zikiingia. Basi mtoto akawa anasukuma kwa koo. Usiku harusini, asubuhi hana sauti. Wanamnywesha tangawizi na asali, usiku anarudi jukwaani. Sauti ya kiume ilipomjia ilimkuta koo limeshaharibika. Leo ni mtu mzima, muungwana, ana duka lake Darajani. Akikutajia bei ya mchele lazima umsogezee sikio. Maulidini anafungua mdomo tu wenzake wakiitikia.

Wewe hata kisingizio cha kanuni huna. Kinanda chako kina kitufe: ukibonya mara tatu, wimbo wote umeshuka toni moja na nusu. Kwa nini hukubonya?

Kila somo lianze kwa kumsikiliza akizungumza, ujue leo sauti yake iko wapi. Mwimbishe zile noti tano sita alizonazo, polepole, bila kupiga kelele na bila kunong'ona, maana kunong'ona nako kunachosha koo. Akikwaruza zaidi ya wiki mbili tatu, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na muda huu ambao sauti inajipanga, mpe udi apige. Mfundishe makamu za Rast na Bayati kwa sikio, kwa sababu ile noti ya pili ya Bayati haimo kwenye funguo za kinanda cha kawaida, na asiyeisikia utotoni huipata kwa taabu ukubwani. Mwalimu wangu hakuniachia upinde mpaka nilipoweza kuimba makamu nzima bila kuyumba. Ndiyo maana mpaka leo vijana wa vilabu vya taarab wakibishana hunijia mimi.

Baba wa mtoto atakuambia ana haraka. Mkumbushe kwamba Sayyid Barghash, na usultani wake wote, alipotaka kanuni ipigwe Unguja ilibidi amtume Mohamed bin Ibrahim mpaka Misri akakae na walimu.

Mengine ni machache. Ada ichukue mwanzo wa mwezi. Usifundishe mtoto chumbani mlango umefungwa. Mzazi awepo, au mlango uwe wazi. Mtoto mdogo nusu saa inamtosha. Wanaotaka mitihani ya gredi ya Waingereza waandae, ila usimfungie mtoto mwaka mzima kwenye nyimbo tatu za mtihani.

Najua utasema ukimkatalia yule bwana atatafuta mwalimu mwingine. Na atafute. Lakini kwanza kaa naye, mtoto asiwepo, umweleze habari ya kubaleghe kama nilivyokueleza, halafu mpigie wimbo ule ukiwa umeshushwa. Wengi hawatambui tofauti. Akikataa, mrudishie ada ya mwezi huu.

Nyuzi za fidla ulizoniahidi mpe binamu yako, anapanda boti Jumamosi. Nipigie simu ukishazungumza na baba wa mtoto, na iwe kabla ya hiyo Jumamosi.

Wasalaam,
Mjomba wako