Kiti cha Maboksi

Kutoka stendi ya Moshi mpaka upande wa chini wa mji, barabara inayoshuka kuelekea mashamba ya mpunga ya Mabogini, Hiace haikawii. Kinachokawiza ni kupanda. Mbele yangu alikuwepo mama aliyembeba mgongoni binti wa miaka saba hivi, miguu imekakamaa na kupishana kwenye vifundo, kichwa kimelala begani kwa mama yake. Konda akamtazama mtoto, akatazama siti.

"Mama, huyo utamlipia?"

"Nampakata."

"Huyo hapakatiki, mama. Miguu itamfikia dereva."

Watu wawili watatu wakacheka. Mzee aliyekaa nyuma ya dereva akainuka bila kusema neno, akahamia siti ya mwisho penye dirisha bovu, na mama akaketi na mwanawe kwa nauli ya siti mbili. Baadaye aliniambia kuwa hiyo ndiyo hesabu yake ya kila Ijumaa: mbili kwenda, mbili kurudi. Wiki ambayo mchicha wake haukuuzika, mazoezi yanasubiri.

Kumbe tulikuwa tunakwenda mahali pamoja: ua wa nyuma wa jengo la kanisa, wenye mwarobaini mmoja mkubwa na bomba linalotoa maji siku linapotaka. Kibao hakuna. Kuna mikeka, jiko la mkaa, na ukutani rundo la maboksi ya mafuta ya kupikia, ya sabuni na ya biskuti. Akina mama wanaitana kwa majina ya watoto wao, na aliyewahi humpokea mtoto wa aliyechelewa ili mwenzake anyooshe mgongo. Kila aliyesimama ameshika kiuno.

Watoto wote hapa wana mtindio wa ubongo. Hauambukizi, wala si laana ya ukoo kama mawifi wanavyonong'ona. Ni matokeo ya ubongo kuumia ukiwa bado unakua, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Uchungu ulichukua muda mno na mtoto akakosa hewa, alizaliwa njiti, alipata manjano makali siku za kwanza yasitibiwe, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, wala hakuna dawa ya kulifuta. Kinachoongezeka, mtoto asiposhughulikiwa, ni yale yanayofuata: misuli inajikunja, nyonga inachomoka, kifua kinasumbua.

Wataalamu si kwamba hawapo. Juu ya mji huu huu iko KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971, na kwenye eneo lake kuna TATCOT, chuo ambacho tangu 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Lakini kutoka ua huu kufika huko ni Hiace mbili, na kwa mtoto asiyepakatika ni nauli nne kabla hujawaza kurudi. Ndiyo maana Ijumaa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole mwenye sauti kubwa, hushuka yeye.

Nilidhani ataanza na mazoezi. Alianza na kijiko. Bibi mmoja alikuwa amempakata mjukuu wa miaka minne, amemlaza chali, kichwa kimening'inia nyuma, anammiminia uji mwepesi mdomoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, wewe ukinywa maji umelala chali, inakuwaje?"

"Yatanipalia."

"Basi na mjukuu wako yanampalia, ila hawezi kukwambia."

Wakamkalisha. Kiuno kimekunjwa, mgongo umeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo. Uji ukawekwa kando, ukaletwa mtori, kwa sababu chakula kizito kidogo hakikimbilii kooni kama majimaji. Ndizi zilikuwa zimepondwa mpaka hazina donge. Dada akachota nusu kijiko, akakiweka katikati ya ulimi, akakigandamiza kidogo, akangoja. Ulimi ukasukuma nje, ukarudi. Midomo ikakutana. Koo likapanda, likashuka. Bibi, aliyekuwa amejizuia kupumua, akachota mwenyewe kijiko cha pili. Bakuli dogo lilichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyemharakisha. Lilipoisha, bibi alifuta kijiko kwa kanga na kusema, si kwa yeyote hasa, "Kumbe nilikuwa namzamisha."

Wapo wanaoona hilo ni jambo dogo. Nimonia ni moja ya visababishi vikubwa vya vifo vya watoto hawa, na chakula kinachoingia kwenye mapafu ni mojawapo ya njia zake. Sijui ni kitengo gani cha hospitali kinachoweza kumpa mtoto yule saa nzima ya kulishwa mara tatu kwa siku. Bibi ataweza, mradi awepo wa kumshikia hizo kazi nyingine.

Kwenye kivuli cha ukuta nilimkuta fundi. Zamani alikuwa seremala wa vitanda. Sasa mbao kaziacha. Ufundi anaoutumia ulistawi Zimbabwe, ambako Bevill Packer alifundisha watu kutengeneza vyombo imara kwa karatasi zilizotupwa, ukasambaa katika nchi nyingine za Afrika. Unga wa ngano unapikwa kama uji mpaka unakuwa gundi. Boksi linapakwa, linalazwa juu ya jingine, tena na tena, kisha yanagandamizwa kwa mawe na kuanikwa mpaka yanakuwa ubao ambao fundi aliupanda kwa miguu yote miwili ili nimwamini. Ndipo anakata kwa vipimo vya mtoto mmoja tu: urefu wa paja, upana wa nyonga, kina cha mgongo. Mbele ya kiti anaweka kabari ya kutenganisha magoti yanayotaka kupishana, na juu yake meza iliyokatwa nusu duara kwa ajili ya tumbo. Viungo vinafunikwa kwa vipande vya gazeti, halafu vanishi, kwa sababu mtoto ni mtoto na mkojo ni mkojo. Adui ni masika: kiti kisipokauka vizuri kinaota ukungu kabla hakijapata mwenyewe.

Pembeni kilikuwepo kiti cha magurudumu cha chuma, kipana, kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, msaada wa watu wema wa mbali. Kinamtosha mtu mzima wa kilo 80. Mtoto akiwekwa humo anapinda upande, na akipinda kila siku, uti wa mgongo unazoea. Siku hiyo kilikuwa kimeanikiwa nguo. Naona ndiyo kazi inayokifaa.

Baba alikuwepo mmoja tu, na nikaambiwa nisimwandike sana asije akajiona shujaa. Wengine wengi waliondoka mtoto alipofika mwaka wa pili bila kukaa. Kuna mama aliyetoka kwenye maombi ya mkesha na chupa ya mafuta ya upako mkobani, dada hakumcheka. Alimwambia tu maombi yaendelee, lakini dawa ya kifafa ya mwanawe isikatishwe hata siku moja, maana ikikatishwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Mama akaitikia, kisha akasema ukweli: mwezi uliopita dawa zilikwisha pale alikozoea kuchukua, na duka binafsi lilitaka pesa ya siku mbili za chakula.

Yule ambaye bado namkumbuka kwa jina, ingawa sitaliandika, ni mvulana wa miaka tisa. Mwili wake haukakamai, unacheza: mkono unaondoka wenyewe, shingo inageuka, uso unakunjamana. Alipata manjano siku ya tatu ya kuzaliwa, akaanikwa juani asubuhi badala ya kupelekwa hospitali kuwekwa kwenye taa za buluu. Maneno hayatoki. Ila akitazama juu maana yake ndiyo, na akifumba macho ni hapana. Mbele yake, kwenye meza ya kiti chake cha maboksi, wamebandika picha: maji, choo, kulala, maumivu, mpira. Nikamuuliza Simba au Yanga. Macho yakaenda kwenye kipande cha njano na kijani, yakaganda hapo. Nikamwambia amekosea. Akafumba macho kwa nguvu, mwili mzima ukacheza kwa kicheko, na fundi, ambaye ni Simba, akanung'unika kwamba mtoto ameharibiwa na mjomba wake.

Watu wanaomwona njiani wanasema haelewi. Tafiti zilizofanywa katika nchi tajiri zinaonyesha kuwa takriban nusu ya watu wenye mtindio wa ubongo hawana ulemavu wa akili, na huyu anajua kuhesabu mpaka mia, kusoma silabi, na kumwambia mama yake kwa macho kwamba chenji ya dukani imepungua. Mama amempeleka shule moja ya msingi mara mbili. Mara zote aliambiwa amrudishe akishaanza kutembea.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenzake, na haisemi popote kwamba lazima aje kwa miguu. Kwa hiyo, walimu wakuu wa Moshi na kwingineko, shule zikifunguliwa Januari mwandikisheni. Mpeni nafasi mbele, karibu na mlango, na mtu mmoja wa kumpeleka chooni. Kiti atakuja nacho.