Chupa ya Shemeji

Jumanne, 4 Machi 2025

Shemeji alipita dukani jioni kuchukua dawa yake ya presha. Alipotaka kuinuka kitini ilimbidi ashike kaunta kwa mikono miwili. Mapaja yanamuuma, anasema, kama mtu aliyeshinda Gikomba akibeba marobota ya mitumba. Anaishi ghorofa ya nne hapa Umoja, na siku hizi hupumzika kila ngazi. Nilimuuliza rangi ya mkojo. Ni wa kawaida. Ungekuwa mweusi ningemsindikiza hospitali ya Mama Lucy usiku huu huu, maana misuli ikianza kuvunjika mabaki yake huziba figo.

Nilipomuuliza anatumia nini kingine, alitoa mfukoni chupa nyeupe aliyouziwa steji. Mbele imeandikwa “Husafisha mishipa”. Nyuma, kwa herufi za kusomwa kwa miwani: mchele mwekundu.

“Shemeji, hiyo ni mitishamba tu, haina kemikali,” akanijibu.

Nimemwambia aiache leo, na kesho aende nayo kwa daktari.

Jumatano, 5 Machi

Mchele mwekundu ni mchele wa kawaida uliochachushwa kwa kuvu ya Monascus. Wachina wameutumia karne nyingi kama chakula na dawa. Ndani yake mna monakolini K, na hiyo ndiyo lovastatini yenyewe, wala si binamu yake. Mjapani Akira Endo aliitoa kwenye kuvu hiyo mwaka 1979. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha lovastatini, statini ya kushusha kolesteroli, kama dawa ya kuandikiwa na daktari.

Shemeji tayari anameza statini nyingine, atorvastatini ya kliniki. Kwa hiyo alikuwa kwenye statini mbili, zote zikibana kimeng’enya kimoja cha ini, na zikizidi huumiza misuli; na hakuna aliyejua kipimo cha ile ya pili. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kidonge cha kliniki kina miligramu zake. Chupa ya steji leo inaweza kuwa dhaifu, kesho kali. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2022 kwamba monakolini katika virutubisho hivi iwe chini ya miligramu 3 kwa siku. Na Machi 2024, huko Japani, kampuni ya Kobayashi iliondoa sokoni vidonge vyake vya mchele huo baada ya watu kuugua figo. Zaidi ya mia moja walilazwa.

Jumamosi, 8 Machi

Soko la Mutindwa, kununua sukuma. Mlonge, mwarubaini, unga wa tangawizi, vidonge vya kitunguu saumu, vyote vimepangwa kando ya nyanya. Siwadharau wauzaji. Wamaasai hutia magome na mizizi kwenye supu ya nyama, na watafiti walioichunguza miaka ya 1990 walikuta saponini, ambazo hunasa kolesteroli tumboni. Miti ina nguvu. Nguvu hiyo hiyo ndiyo yenye madhara: vidonge vya kitunguu saumu huongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarini, na mzizi wa susu hupandisha presha.

Mama mmoja pale amesema aliacha vidonge vya kolesteroli tangu aanze mlonge, na hajapima tena. Nimemsihi akapime wiki hii. Kolesteroli haiumi, mtu hawezi kujua kwa kujisikia.

Jumatatu, 24 Machi

Shemeji amekuja na majibu. Kipimo cha misuli kilikuwa juu, ini halijadhurika. Daktari alisimamisha chupa na kidonge pia, na maumivu yamepungua sana. Atorvastatini ataanzishwa upya kwa kipimo cha chini, kisha apimwe tena.

Taarifa nimeituma kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo hupokea taarifa za madhara ya mitishamba pia. Na kwenye kaunta nimebandika karatasi: “Unayetumia dawa ya kolesteroli, presha au sukari, njoo na chupa yako ya mitishamba tuisome pamoja. Hatutakugombeza.”