Kuku wa Mzazi



Kila nyumba ya Waswahili yamjua kuku wa mzazi. Mwanamke akijifungua, jamaa humletea kuku wa kienyeji, akachinjwa na kupikwa supu ya tangawizi na pilipili manga, ili mzazi apate nguvu na maziwa yashuke. Ni ada njema, na wazee wetu waliishika kwa hekima. Lakini ada hiyo haikutuambia afanyweje kuku aliyekwisha kuletwa, na mtoto hayupo.

Hilo lilitufika sisi, ndugu wa kike tunaoishi na mama yetu Mji wa Kale, Mombasa. Mdogo wetu alikuja kwa mama kuzaa mimba yake ya kwanza, kama ilivyo desturi. Mtoto wa kiume akazaliwa, akaishi saa chache, Mola wake akamchukua. Akapewa jina, akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, na wanaume wakaenda kumzika kabla ya magharibi. Mama yake alibaki kitandani. Jioni ile ile shangazi yetu akawasili kutoka Matuga, habari haijamfikia, na kuku amempakata kwapani. Wahenga wasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi tulimfunga kwenye mguu wa meza ya jikoni, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwitia mchinjaji.

Siku ya tatu maziwa yakaja. Wanawake wenzetu mnaoyajua hayo hamna haja ya kuelezwa. Mdogo wetu alifungwa kanga kifuani, akageukia ukutani, na sahani ikawa yarudi jikoni kama ilivyotoka. Wageni walikuja kumpa pole, na kila mmoja alimwambia asubiri, kwamba mwanawe ni akiba yake kesho akhera. Ni kweli, nasi twaamini hivyo. Hata hivyo tuliona kwamba neno la kweli nalo huchosha, mtu akiambiwa mara kumi kwa siku.

Kuku hakuwa na neno la kumwambia. Alikuwa wa kishingo, yaani wale wasio na manyoya shingoni, na watoto wa nyumbani wakamwita hivyo hivyo, Kishingo. Siku ya sita alikata kamba, akavuka ukumbi, akaingia chumbani na kujilaza chini ya kitanda. Tulipokwenda kumtoa, mdogo wetu akasema, "Mwacheni." Asubuhi yake akaomba mtama. Ili amlishe kuku kiganjani, ilimbidi akae kitako; na mtama ulipokwisha, ilimbidi avae viatu aende jikoni mwenyewe. Haikupita wiki mbili, Kishingo akawa amtambua kwa mwendo wake, akimfuata nyuma na kumtolea ile sauti ya chini ambayo kuku huwatolea wenziwe anapotulia.

Mama hakuridhika, na alikuwa na hoja. Katika madhehebu yetu ya Shafi kinyesi cha kuku ni najisi, na nyumba ni mahali pa kusalia. Tukapatana. Zulia likaondolewa chumbani, yakatandazwa maranda ya mbao yanayobadilishwa kila alfajiri. Ghorofa ya juu, penye misala yetu, Kishingo asifike. Amshikaye aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chombo, kwani kuku aweza kubeba vijidudu vya kuharisha na mwenyewe akaonekana mzima. Tukamtia chanjo ya kideri, tone moja jichoni, maana ugonjwa ule waweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Mdogo wetu alipotoka katika nifasi na kuanza tena kupanda juu kusali, kuku alimngoja chini ya ngazi.

Mgeni mmoja akacheka, akasema sasa kuku amefanywa mwana. Aliyemjibu alikuwa mama, yule yule mwenye hoja ya najisi. Akamkumbusha habari ya Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyefiwa na ndege wake wa kuchezea. Mtume (s.a.w.) hakumwona mtoto yule kuwa mpuuzi, alimwuliza habari za ndege wake. Mgeni akanyamaza.

Kisha likaja tulilolihofia. Kishingo alitaga ndani ya kikapu cha kanga, siku baada ya siku, halafu akayaatamia mayai. Nyumba yetu haina jogoo. Mayai yale hayakuwa na mbegu. Kuku anayeatamia hutoka kidogo tu kwa siku, akala, akanywa, akajisaidia, akarudi kuyageuza mayai yake. Sisi tukanong'onezana tumhamishe usiku, ili mdogo wetu asiione taabu ile isiyo na tunda. Yeye alikuwa ametusikia. Akasema, "Amelalia matupu, na hajui. Mtafutieni yenye mbegu."

Shangazi akatuletea mayai kumi, yamefukiwa katika pumba. Tuliyabadilisha gizani. Tukahesabu siku 21. Siku moja kabla ya kuanguliwa, vifaranga huanza kulia ndani ya maganda, na mama yao huwaitikia. Mdogo wetu alituita tuinamishe masikio. Tulipokuwa tukisikiliza, akalia, kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ya maziko. Mama akamshika wala hakumnyamazisha. Mtume naye alimlilia mwanawe Ibrahim, na machozi yale hayakuwa upungufu wa imani.

Walitoka vifaranga saba. Kimoja kikafa siku ya pili. Mdogo wetu akakifukia kwa mkono wake katika chungu cha mrehani. Sita waliobaki, walipoota manyoya, walipelekwa Matuga penye ua na kivuli. Kishingo yuko nasi bado.

Hatusemi kwamba kuku ni dawa ya msiba. Mzazi ambaye usingizi na chakula vimemkataa kwa wiki kadhaa apelekwe kwa daktari, na wala hilo si aibu. Tulichokiona ni kwamba sisi sote tulimjia mdogo wetu na cha kumpa, na kuku peke yake ndiye aliyemjia akimhitaji. Kwa hiyo, dada zetu, mkimzuru mama aliyefiwa na mchanga, pelekeni supu, pelekeni dua, lakini pia mwombeni msaada mdogo anaouweza. Na muulizeni jina la mwanawe. Analo jina, na huenda hakuna aliyewahi kumwuliza.