Miaka Saba ya Mheshimiwa

Ami yangu,

Huku Columbus, Ohio, vibao vya kampeni vimechipuka tena mbele ya nyumba za watu. Mbunge wa taifa hupewa miaka miwili tu, seneta sita. Huyo wa miwili hajamaliza kuwashukuru wapiga kura, tayari keshaanza kuwaomba tena!

Uliniuliza kwenye simu kama Wamarekani wamewawekea wabunge wao ukomo. Walijaribu. Mwaka 1992 watu wa Ohio walipiga kura ya kuwawekea ukomo wajumbe wao wa Washington, lakini mwaka 1995 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne katika kesi iliyotoka Arkansas, ikasema majimbo hayana uwezo huo bila kubadilisha katiba ya nchi. Ukomo ukabaki kwa bunge la jimbo hili: miaka 8 mfululizo katika baraza moja. Basi mtu akimaliza yake kwenye baraza la chini hugombea useneti. Kiti kina ukomo, mkaaji hana.

Hili halitakushangaza wewe wa Garsen, Kenya. Danson Mungatana alikuwa mbunge wetu tangu 2002 hadi 2013, na 2022 akarudi kuwa seneta wa Tana River. Sisemi alikosea, katiba yetu ya 2010 inawafunga rais na gavana kwa vipindi viwili, wabunge na maseneta imewaacha.

Lakini 2024 seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kugeuza miaka mitano kuwa saba, kwa viongozi wote wa kuchaguliwa. Wakenya wakaupinga kwa kishindo na kamati ya Seneti ikaukataa. Miaka saba, ami! Maji ya chumvi yanapanda Mto Tana na kuingia kwenye mpunga na miembe ya kijiji cha Ozi, na mheshimiwa amelala.

Mimi ukomo haunipi raha sana. Ningependa Kifungu cha 104 cha katiba yetu, cha kumrudisha mbunge nyumbani, kiwe na meno. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha masharti kadhaa yaliyokibana, lakini hakuna mbunge wa Kenya aliyewahi kung'olewa kwa njia hiyo.

Uchaguzi wetu ni tarehe 10 Agosti 2027. Wagombea wakija Ozi, waulizeni tuta la kuzuia chumvi litaanza lini, na kwa fedha za mfuko upi.